Jiwe Lililokubali Kukerezwa

Katika kiwanda cha kauri alichoingia akiwa bado msichana, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Waliomwajiri waliliandika mara moja wakalisahau, na wenzake wakamwita Bi Tanuri. Jina hilo alilipata kwa haki. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya tanuri kubwa la matofali, kuchungulia kwenye kitundu cha ukutani kwa kioo cheusi, kuitazama rangi ya moto na kusema bado au tayari. Saa ya kupimia joto ilikuwepo ukutani, na mara nyingi yeye na saa waliafikiana. Siku walizopishana, msimamizi alikuwa akikuna kichwa, anasubiri kidogo, halafu anazima akiwa amewaridhisha wote wawili.

Kiwanda hicho kilitengeneza vile vikombe vyeupe unavyoviona juu ya nguzo za umeme, vinavyozuia umeme usishuke chini kwenye nguzo ukaleta balaa. Udongo mweupe, laini kama unga, ulichanganywa na mawe yaliyosagwa na maji, ukamiminwa kwenye kalibu za plasta. Kilichotoka humo kilikuwa kilaini, ukikibonyeza kinabonyea. Kikaachwa kikauke, kisha kikaingia motoni. Na huko motoni ndiko kulikokuwa na kizungumkuti, maana kauri husinyaa. Wanawake wa kiwandani walikuwa na mzaha wao: kauri huingia tanurini mama mtu mzima, hutoka kigoli. Lakini ikishatoka ni kigoli asiyeambiwa neno. Ukiigonga kwa kucha inalia kama kengele, ukiimulika taa inapitisha mwanga kidogo, na hakuna kisu wala msasa wa kawaida unaoiweza. Kikombe kilichotoka na tundu jembamba kuliko lilivyotakiwa hakikurekebishwa. Kilitupwa nyuma ya kiwanda, na huko nyuma kulikuwa na kilima kizima cheupe cha makosa ya miaka mingi.

Bi Tanuri aliipenda kauri kwa ukaidi wake huohuo. Na labda ndiyo sababu aliolewa na mtu wa chuma.

Mumewe alikuwa mkereza. Karakana yake ilikuwa kwenye mtaa wa mafundi magari, chumba kirefu chenye mlango wa bati, na katikati yake mashine ya kukereza, nzito, ya kizamani, iliyopakwa grisi kwa mapenzi kama mtoto anavyopakwa mafuta. Chuma kilishikwa na taya za mashine, kikazungushwa, na kisu kikakimenya kama mtu amenyavyo chungwa, maganda ya chuma yakidondoka yakiwa yamejisokota na kumeremeta. Walijuana siku alipokuja kiwandani kufunga mtaimbo mpya kwenye pipa la kukorogea udongo. Alimtania kwamba duniani hakuna kitu kisichonyooka mbele ya kisu chake. Bi Tanuri akamjibu kwamba kauri yake haiguswi na chuma cha mtu. Utani huo ukazaa safari za jioni, safari zikazaa posa, na posa ikazaa nyumba na mabinti wawili.

Mabinti walikuwa bado wadogo yalipotokea yaliyotokea. Mzigo mkubwa wa vikombe ulitoka tanurini ukiwa na midomo iliyobana kwa unene wa ukucha tu, na msimamizi akaamuru wote umwagwe kilimani. Mkereza aliposimuliwa nyumbani aliguswa. Akasema aletewe kimoja, ajaribu kuupanua mdomo. Bi Tanuri akakileta mwenyewe, amekiviringisha kwenye kitambaa. Mkereza akakibana kwenye taya, akawasha, akakisogeza kisu taratibu. Kauri ikapiga ukelele wa kukata maini. Kisha ikapasuka kama risasi, na kibanzi kimoja kikamwingia jicho la kushoto.

Madaktari walifanya waliloweza, ila jicho halikuponyeka. Dada yake Mkereza, mwanamke mkavu wa maneno ambaye Bi Tanuri alikuwa akicheka naye tangu harusini, alisimama kwenye korido ya hospitali akasema, "Wifi, kauri yako imekula jicho la kaka yangu." Hakulirudia tena neno hilo maishani mwake. Halikuhitaji kurudiwa.

Mkereza mwenyewe hakumlaumu mkewe hata kwa nusu ya neno. Alirudi kazini, akajizoeza kupima umbali kwa jicho moja na kwa ncha za vidole, na watu wakasema amekuwa fundi bora kuliko alivyokuwa na mawili. Lakini alikula yamini kwamba kitu kilichozaliwa tanurini hakitakanyaga tena karakana yake. Hata chai akawa hanywi ila kwa kikombe cha bati. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Nyumbani kwa Bi Tanuri walinywea bati.

Miaka ikapita kama inavyopita kwa watu wenye kazi. Mabinti wakaolewa, wakahamia mbali. Kiwanda kikaanza kukosa wateja, kwa kuwa siku hizi nguzo nyingi huvishwa plastiki, na mwishowe likawekwa kufuli getini. Bi Tanuri akabaki nyumbani, mikono imekunjwa, akifagia ua uliokwisha kufagiliwa.

Ndipo Dokta alipomtafuta. Dokta alikuwa mwanamke wa umri wa binti zake, mwalimu wa chuo cha ufundi, aliyesomea kioo hadi kikomo cha kusoma. Alikuwa na tanuri jipya la umeme, dogo, na hakuwa na mtu wa kulikalia. Alikuwa ameuliza mjini ni nani anayejua moto, na kila aliyeulizwa alimwelekeza nyumba ileile.

Siku ya kwanza alimkalisha Bi Tanuri mezani, akaweka mbele yake kipande cha ulanga, lile jiwe linalomeremeta mchangani, ambalo watoto hulibandua kwa kucha, jani baada ya jani, jembamba kuliko karatasi.

"Nataka kioo kizae hiki, Mama," alisema. "Kizae humo humo tumboni mwake."

Bi Tanuri akacheka hadi akafuta machozi, akidhani anataniwa. Dokta naye akacheka, kisha akamweleza taratibu. Kioo, alisema, huvunjika kwa sababu ufa ukishaanza hauna wa kuuzuia. Ni kama mwizi anayekimbia kwenye barabara pana iliyonyooka, atafika anakotaka. Lakini mwingize mwizi huyo kwenye mtaa wa vichochoro, kila baada ya hatua ukuta, kila baada ya ukuta kona. Atageuka huku, atageuka kule, atachoka, atakaa chini. Kioo kikijazwa vijani vya ulanga vilivyolaliana ovyo, ufa haufiki mbali. Ukikigusa kwa kisu kitatoa chembe moja, na chembe nyingine, bila kupasuka chote. Maana yake kitachongwa kama mti, na bado kitavumilia moto na kuzuia umeme kama kauri.

Bi Tanuri hakucheka tena. Aliuliza kwa nini watu wajitaabishe hivyo, na Dokta akampeleka chumba cha pili. Humo mlikuwa na hadubini kubwa ya elektroni, nguzo ya chuma iliyosimama kama mtu mrefu aliyenyamaza, imefunikwa turubai. Ilikuwa imekufa tangu kabla Dokta hajaajiriwa. Pete yake ya kuhami, ya kuzuia umeme usitoroke, iliyoko juu kabisa ambako umeme mkali huingia, ilikuwa imepasuka, na waliotengeneza mashine hiyo walikwisha acha kutengeneza vipuri vyake. Pete hiyo ilitaka matundu madogo mahali pake hasa, na nyuzi za skrubu ndani yake.

"Kauri haitafaa," alisema Bi Tanuri, akiigeuza mkononi ile pete iliyopasuka aliyopewa na Dokta. "Itasinyaa, na matundu yatahama."

"Ndiyo maana nimekuita tuhangaike na kingine," alisema Dokta.

Wakahangaika kweli. Walipima unga mweupe wa aina nyingi, wakauchanganya, wakautia kwenye chungu cha kuyeyushia chenye kifuniko. Kifuniko kilikuwa cha lazima. Mchanganyiko ule ulikuwa na dawa moja kali iliyotaka kutoroka kama mvuke, na ikitoroka ulanga hauzaliki. Tena mvuke wake ni sumu, kwa hiyo walivaa barakoa, na feni kubwa ya bomba ilinguruma muda wote. Moto wenyewe ulikuwa mkali kuliko wa kauri. Bi Tanuri alipochungulia kwa kioo cheusi aliona weupe tu, weupe usio na kingo, chungu na kuta za tanuri vimekuwa kitu kimoja.

Kipande cha kwanza kilipasuka kikiwa kinapoa, peke yake mezani, hakuna aliyekigusa. Kingine kilipashwa joto haraka mno, na badala ya kugeuka jiwe kikalala chini kama nta iliyosahauliwa juani. Kingine kikawa cheupe nje na kioo kitupu ndani. Kuna wiki Dokta alikaa kwenye ngazi za nyuma za jengo, ameshika tama, na Bi Tanuri akamkalia kando, kama anavyokaa mtu na mfiwa.

Walichojifunza kwa vipande hivyo ni kwamba kioo kile hakikutaka kusukumwa. Dokta alijua kutoka vitabuni kwamba lazima joto lisimame kwanza mahali pa chini, mbegu za fuwele zichipue, ndipo lipande tena polepole vijani vikue. Alichokosa ni uzoefu wa kulisimamisha. Tanuri dogo lilikuwa na tabia zake. Upande wa mlango ulikuwa baridi, kona ya nyuma ilikuwa na hasira. Bi Tanuri alihamisha matofali ya ndani, akajenga kijumba cha udongo wa moto kuzunguka kipande, akaliongoza joto kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Dokta akachora mstari wa joto, Bi Tanuri akaufuata, na palipokuwa na shaka walijadiliana hadi mmoja acheke.

Siku walipomimina kipande walichokuja kukiita Mzaliwa, kioo kilitoka chunguni kizito na cheupe kwa joto, kikanyooka kama asali, kikajaza kalibu bila povu. Kilipopoa kilikuwa angavu, kina ukungu kidogo tu kama dirisha lililopumuliwa. Bi Tanuri aliweza kusoma herufi za gazeti kupitia kwake. Kikaingia tena tanurini kwa ule moto wa kubembeleza, na kesho yake asubuhi, tanuri lilipopoa kiasi cha kuvumilika, alifungua mlango.

Hakukuwa na kioo. Mahali pake palikaa jiwe jeupe kama jino la mtoto, lisilopitisha mwanga hata chembe.

Alilichukua kwa mikono miwili. Alikuwa amewahi kuona udongo ukigeuka kauri mara zisizohesabika, lakini udongo ni kitu kisichoona, na kauri ni kitu kisichoona. Hiki jana kilikuwa na macho, ulitazama ndani ukaona upande wa pili, leo kimefumba. Akaligonga kwa kucha kwa mazoea. Halikulia kengele. Lilitoa mlio mfupi wa mti mgumu. Kisha akafanya jambo ambalo fundi wa kauri hawezi kulifanya: akalirudisha kwenye kalibu lilimomiminwa. Likaingia sawasawa, karibu kama unavyoingia mkono kwenye glavu yake. Halikusinyaa.

Dokta akachukua tupa ya chuma ya kawaida, ile ya kunolea mapanga, akaipitisha pembeni. Unga mweupe ukadondoka mezani. Bi Tanuri alivuta kiti akakaa. Maisha yake yote alikuwa amesema kilichotoka motoni kimetoka, hakiambiliki. Na mbele yake palikuwa na lundo dogo la unga likimwambia vingine.

Likabaki swali la kukereza. Karakana ya chuo ilikuwa na mashine, lakini fundi wake alikwisha hamia mji mwingine, na waliobaki walikuwa wa kulehemu. Dokta akasema amesikia kuna mkereza mmoja mjini, mzee, anayeweza kukata nyuzi za skrubu nyembamba kama uzi wa kushonea. Akataja mtaa. Bi Tanuri akatazama dirishani, kisha akasema, "Huyo ni mume wangu."

Dokta alifurahi, hakujua habari ya jicho wala ya yamini. Akaja nyumbani alasiri, akakaribishwa, akaeleza habari yote kwa adabu na kwa hamu. Mkereza alisikiliza hadi mwisho, kikombe chake cha bati kimetulia gotini. Kisha akaligeuza lile jicho la kushoto kuelekea kwenye mwanga wa mlango, Dokta alione.

"Binti yangu," alisema, "mimi na vitu vya tanuri tulikwisha achana. Usinione mkaidi."

Dokta aliomba radhi, akanyanyuka. Hakusisitiza. Aliacha tu kipande kidogo cha jiwe juu ya meza, ama kwa kusahau, ama kwa kutosahau. Bi Tanuri akakiweka juu ya kabati, na hakukitaja. Aliona kwamba akilisema neno moja tu la kumshawishi, na kibanzi kikaruka tena, hatakuwa na mahali pa kuuweka uso wake hadi kufa.

Kipande kikakaa pale. Kila alipokuwa akipangusa vumbi alikiona kimegeuzwa, leo kimelalia ubavu huu, kesho ule. Naye akajifanya haoni.

Kisha asubuhi moja akitoka sokoni alisikia msumeno wa chuma uani. Mkereza alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyuma, amevaa miwani yake ya kazi, uso ameugeuzia pembeni kama anayekwepa kofi, na kati ya magoti yake jiwe limebanwa kwa vipande viwili vya mbao. Msumeno ulikuwa unakwenda na kurudi. Suruali ilikuwa imejaa unga mweupe. Aliposikia hatua za mkewe hakuacha.

"Mama watoto, njoo uone," alisema. "Jiwe hili linasikia."

Bi Tanuri aliweka kikapu chini. Kipande kilikatika kikaangukia kiganjani mwa mumewe, na kilipokatika palikuwa pamenyooka, laini, kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali. Mkereza akapitisha kidole gumba juu yake, akarudia, akarudia tena. Kuku wa jirani walipita katikati yao.

Siku ya kazi yenyewe, mtaa wa mafundi ulikuwa mapumzikoni, karakana nyingine zote zimefungwa. Mkereza alisimamisha bati zito mbele ya mashine, akawaamuru mkewe na Dokta wasimame nyuma ya bati hilo, na wote wakavaa miwani. Akalibana jiwe kwenye taya. Kabla hata hajawasha, akiwa anakaza kwa mkono aliouzoesha chuma, pakasikika *tak*.

Bi Tanuri alijifunika uso. Kiza cha viganja vyake kilimrudisha kwenye ile korido ya hospitali. Hakusikia ukelele. Alipotazama, mumewe alikuwa amesimama palepale, mzima, ameshika nusu mbili za jiwe, moja katika kila mkono. Halikurusha kibanzi hata kimoja. Lilikuwa limetengana tu, kama muwa unavyotengana kwenye fundo.

"Nimelikaza kupita kiasi, kosa ni langu," alisema. Akazitazama nusu zile, na midomo yake ikaanza kucheka kabla yake. "Lakini hata kuvunjika, linavunjika kwa adabu."

Hapo ndipo Bi Tanuri alipojua kwamba hofu imemtoka mumewe. Kama jiwe lingekatwa vizuri tangu mwanzo, pengine angelishuku hadi mwisho. Lilipovunjika na lisimdhuru, akaliamini.

Akachukua kipande cha pili, kile cha akiba, akakitandikia taya za mashine kwa kadi laini, akakibana kama mtu ashikavyo yai. Akaiweka mashine kwenye mwendo wa taratibu. Dokta akasogea na chupa ya maji, akayadondosha kidogo kidogo mahali pa kukata. Kisu kikagusa.

Sauti iliyotoka ilikuwa kama mchanga unaomwagwa juu ya karatasi. Hapakuwa na maganda ya kujisokota, palikuwa na unga, na unga ukichanganyika na maji ukawa kama maziwa, yakichuruzika kwenye kitanda cha mashine cheusi kwa grisi. Jiwe likazunguka, likapungua, likapata bega, likapata shingo. Mkereza aliinamisha kichwa upande, sikio karibu na kazi, kama anayeambiwa siri. Alipotoboa matundu hakuyapitisha moja kwa moja. Alifika karibu na mwisho, akaligeuza jiwe, akamalizia upande wa pili, ili ncha isibandue ukingo. Mwisho akakata nyuzi za skrubu. Akachukua skrubu ya shaba, akaitia, akaizungusha kwa vidole viwili tu, ikazama hadi shingoni bila kukwaruza.

Bi Tanuri alikuwa ameshatoka nyuma ya bati bila kujijua. Alisimama begani kwa mumewe. Kitu alichokizaa yeye kwa moto kilikuwa kinazunguka katika taya za mashine ya mumewe, na kilikuwa kizima.

Pete ikafungwa kwenye hadubini. Pampu ilivuta hewa asubuhi nzima, maana ndani ya mashine ile panatakiwa ombwe tupu, na jiwe linalotoa hata pumzi kidogo lingeharibu yote. Sindano ya kipimo ikashuka, ikashuka, ikakaa. Dokta akawasha umeme mkali. Kioo cha mashine kikapata mwanga wa kijivu.

Cha kutazama kilikuwa tayari: kibanzi cha ile nusu iliyovunjika. Dokta alizungusha vifundo, ukungu ukajikusanya, na ghafla kukawa na kitu.

Bi Tanuri alitarajia kuona jiwe. Alichokiona ni majani. Majani bapa yenye kingo zilizonyooka, maelfu kwa maelfu, mengine yamesimama, mengine yamelala, yameingiliana na kukumbatiana kama karata zilizomwagwa sakafuni na zikagandia zilivyoanguka. Dokta akamwambia majani kadhaa yangeweza kupangwa ubavu kwa ubavu kwenye unene wa unywele mmoja. Akamwonyesha mstari mweusi, mwembamba, uliokuwa ukipita kati yake. Uligonga jani ukageuka, ukagonga jingine ukarudi, ukajigawa mara mbili, na mbele kidogo ukapotea.

"Mwizi wetu huyo," alisema Dokta kwa sauti ya chini. "Tazama alipokaa chini."

"Nani aliyapanga majani haya?" aliuliza Bi Tanuri.

"Hakuna, Mama. Tuliyapa joto na muda. Yamejipanga."

Bi Tanuri alifikiria asubuhi zote alizosimama mbele ya matanuri, akitazama rangi ya moto kupitia kitundu, na kumbe ndani ya vitu alivyovipika kulikuwa na miji mizima ikijengwa bila kelele. Mkereza alikuwa amevua kofia. Alikuwa ameliegemeza paji la uso karibu kabisa na kioo cha mashine, na hakuondoka hadi Dokta aliposema kwa upole kwamba taa inahitaji kupumzishwa.

Wiki iliyofuata Bi Tanuri alimleta wifi yake. Hakumwambia wanakokwenda, alimwambia tu avae viatu vizuri. Bibi huyo sasa alikuwa anatembelea mkongojo, na aliulalamikia kila ngazi ya chuo. Akakalishwa mbele ya hadubini, akaonyeshwa majani, akaelezwa kwamba pete iliyoirudishia mashine uhai ilipikwa na wifi yake na kukerezwa na kaka yake. Alitazama mno. Alitazama hata Dokta akajiuliza kama amesinzia.

"Wifi," alisema mwishowe, "mimi sijui nimeona nini. Lakini nimeona." Akaunyoosha mkono bila kugeuka, akaukuta wa Bi Tanuri, akaushika. Walishuka ngazi wakiwa wameshikana hivyo, na malalamiko yote yakawa juu ya ngazi tu.

Tangu hapo hadubini inafanya kazi. Wanaosoma udongo huleta udongo, wanaosoma magonjwa ya mimea huleta vijidudu vyao, na wengi wao hawajui pete ilitoka wapi, wala hakuna haja ya kujua. Mkereza ametenga kona ya karakana kwa ajili ya jiwe, ameizungushia pazia ili unga usichanganyike na grisi, na wateja wake wa magari wakiuliza humo mna nini huwaambia mna mambo ya mkewe. Amekereza vishikilio vya nyaya za moto, vibweta vya vipimo, na mara moja, kwa kujifurahisha, pia ya watoto iliyozunguka mezani hadi chai ikapoa.

Na sasa kuna jambo jipya. Daktari wa meno aliyesikia habari hizi amemjia Dokta, akamuuliza kama kioo kile kinaweza kumiminwa kikiwa na umbo la jino, ndipo kipikwe kiwe jiwe. Wanajaribu. Jino huchongwa kwanza kwa nta, nta hufunikwa kwa plasta inayovumilia moto, huyeyushwa ikatoka, na pale ilipokuwa huingia kioo. Mkereza, ambaye ana gego lililong'oka upande wa kulia, amejitolea kuwa wa kwanza, kwa sharti kwamba mkewe ndiye asimamie tanuri.

Jana mchana walivunja plasta. Bi Tanuri alipangusa vumbi kwa brashi, na kiganjani mwake likabaki gego, lina vilima vyake vyote na mabonde yake, angavu kama tone la maji. Mistari ya kiganja chake ilionekana kupitia humo, imepinda kidogo. Likishapikwa litakuwa jeupe, halitaonekana ndani tena, na litatafuna chakula kama jino lolote. Kwa hiyo hakuliingiza tanurini haraka. Alitoka nalo mlangoni, akawaita waliokuwa karibu, mfagizi, mlinzi, Dokta na mumewe, wakaja mmoja mmoja, wakainama, wakatazama, wakampisha mwenzao.